UZI: Kijana mwenye matatizo akiua, kwa nini tunalazimishwa kuchagua kati ya huruma na ukweli?

Mzee wa Rau

Wakuu, habari za jioni.

Kijana akiua mtu huku kwetu Moshi, mabishano huwa yale yale kuanzia Mbuyuni hadi Kiboriloni. Wapo wanaosema mtoto wa watu alikuwa na matatizo, aonewe huruma. Wapo wanaosema kaua, naye auawe. Nimewasikiliza wote kwa miaka mingi, na naona wanagombanishwa na kifungu kimoja cha sheria ambacho wengi wao hawajakisoma. Naomba nieleze kwa kirefu, mnivumilie.

Nilikuwa mzee wa baraza. Kwa vijana ambao hawakuikuta hali hiyo: kabla ya marekebisho ya sheria ya 2022, kesi ya mauaji Mahakama Kuu haikusikilizwa bila wazee wa baraza. Tulikaa na jaji, tukasikiliza ushahidi, tukauliza maswali, na mwisho kila mmoja akatoa maoni yake. Jaji hakulazimika kuyafuata. Siku hizi anaweza kuendesha kesi peke yake.

Nina kesi mbili ambazo hazijanitoka. Sitataja majina, mwaka wala kata, maana familia zote bado zipo na zinakutana sokoni.

Ya kwanza ni ya kijana wa miaka 19. Alianza kubadilika akiwa kidato cha pili. Halali, anaongea peke yake, anafunika kioo cha kabati kwa shuka akisema kuna mtu anamtazama. Akaacha shule, bangi ikaingia. Mama yake alimpeleka kwenye maombi, akampeleka kwa mganga, mwisho akampeleka hospitali, na dawa za hospitali zikamtuliza kabisa. Baadaye, usiku mmoja, akamchoma kisu dereva wa bodaboda aliyekuwa anamdai nauli. Na hazikuwa hasira za papo kwa papo. Walijibizana, akaenda nyumbani, akachukua kisu, akarudi kijiweni na kumsubiri mpaka abiria wakaisha. Marehemu alikuwa na miaka 24 na mtoto anayetambaa.

Wakili wake aliomba apimwe akili. Akapelekwa Isanga, Dodoma, taasisi iliyo pamoja na Hospitali ya Mirembe. Taarifa ikarudi kwamba ni mgonjwa kweli, lakini wakati wa tukio alijua anachofanya. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinataka ugonjwa uwe umemfanya mtu asielewe anachotenda, au asijue kwamba hapaswi kukitenda, au ashindwe kujitawala. Mtu aliyesubiri abiria waishe alijitawala. Huo mlango ukafungwa.

Mama yake alipanda kizimbani na kadi ya kliniki ndani ya bahasha ya kaki. Nilimuuliza dawa ziliisha lini. Akasema, "Mwezi wa tatu, baba. Tuliambiwa hazipo, tukanunue duka la dawa. Sikuwa na hela." Tukio lilikuwa mwezi wa tano.

Upande wa pili wa ukumbi alikaa mama wa marehemu na kizibao cha mwanawe mapajani, kile cha kung'aa cha bodaboda, kimefuliwa na kukunjwa. Kila siku ya kesi alikuja nacho.

Nilitoa maoni kwamba kijana aliua kwa kukusudia. Hakukuwa na namna nyingine ya kusema kweli. Jaji naye akaona hivyo, akasoma adhabu pekee iliyopo chini ya kifungu cha 197: kunyongwa hadi kufa. Umri wa miaka 19, kadi ya kliniki, dawa zilizokosekana, vyote havikuwa na pa kuingilia. Wakili aliomba huruma ya mahakama, ombi likaandikwa kwenye jalada, basi.

Kesi ya pili ni ya kijana aliyekulia stendi, hana baba wala mama wa kumtaja. Alimuua kijana mwenzake, na mtaa mzima ulijua kwamba alimvizia. Lakini kesi haikusikilizwa hadi mwisho, kwa sababu pande mbili zilikubaliana akiri kosa dogo la kuua bila kukusudia. Hapo ndipo jaji anapata uhuru, maana kifungu cha 198 kinamruhusu kwenda hadi kifungo cha maisha au kushuka hadi miaka michache. Sasa ili kosa hilo dogo lisimame, ikabidi yasomwe maelezo yanayofanana nalo: walikuwa wanakunywa mbege, wakakorofishana, marehemu ndiye aliyeanza kusukuma. Baba wa marehemu akasimama nyuma ya ukumbi akasema, "Mwanangu hanywi pombe." Akaambiwa akae chini.

Angalieni, ndugu zangu. Katika kesi ya kwanza ukweli ulisemwa wote, huruma ikakosa pa kukaa. Katika ya pili huruma ilipatikana kwa kuupunguza ukweli, na aliyelipia ni baba wa marehemu. Chanzo ni kimoja: kosa hili lina adhabu moja tu, na ni kifo. Jaji angeruhusiwa kutamka wazi kwamba haya ni mauaji ya kukusudia, kisha akapima adhabu kulingana na huyo kijana alivyo na alikotoka, wazazi wote wa kesi hizi mbili wangetoka mahakamani wamesikilizwa.

Wala si mawazo yangu peke yangu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapo Arusha. Tarehe 28 Novemba 2019 iliamua, katika kesi dhidi ya nchi yetu, kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi kwa sababu inamnyang'anya jaji nafasi ya kupima, ikaagiza iondolewe kwenye sheria. Uganda Mahakama ya Juu ilishaiondoa ile ya lazima mwaka 2009, Kenya Desemba 2017. Panda Hiace hapa hadi Holili, vuka mpaka uingie Taveta: kosa lile lile, kijana yule yule, jaji wa kule anaweza kuchagua adhabu. Sisi hatujanyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, na Hayati Magufuli alitamka 2017 kwamba hatasaini amri ya kunyonga. Kwa hiyo tunawahukumu vijana kifo, halafu tunawaweka tu.

Nakaribisha michango, hasa ya waliofiwa.

---

Chalii wa Ngarenaro

Mzee shikamoo. Nimesoma yote na nakuheshimu, ila sikubaliani na wewe. Huku Arusha kila kibaka akikamatwa ana historia ya kuhuzunisha. Mimi nimelelewa na bibi, mtaa wa Unga Limited, tumelala njaa sana, na sijamchoma mtu kisu. Aliyesubiri abiria waishe ndipo aue, huyo alipanga. Umri wa 19 ni mtu mzima, anapiga kura.

---

Binti Pasua

Mzee umeomba waliofiwa waseme. Mimi ni mmoja wao.

Kaka yangu aliuawa na kijana wa jirani. Sitaki kueleza namna. Yule kijana kweli alikuwa na shida, hata sisi tulikuwa tunampa chakula. Kabla hatujamaliza matanga, wazee wa upande wao wakaja na isale. Kwa wasio Wachaga: isale ni jani la kuombea msamaha, ukiletewa huna ruhusa ya kulikataa. Mama yangu alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, hajala siku mbili, watu wazima wamemzunguka wanamwambia pokea mama, usipopokea unaiita laana kwenye nyumba yako. Akapokea. Mikono inatetemeka.

Tangu siku ile mtaani sisi ndio tumekuwa wabaya. Tukienda mahakamani wanasema, "Si mlishasamehe?" Mchungaji anahubiri huruma, anatutazama sisi. Mkutano wa ukoo umeitishwa kujadili namna ya kumsaidia yule kijana apate wakili, na wanatuomba tuchange maana ni majirani. Hakuna aliyeitisha mkutano kuhusu ada ya watoto wa kaka yangu.

Sitaki anyongwe. Nasema kabisa, sitaki. Ninachotaka ni asimame mbele ya mama yangu aseme alichofanya, chote, kwa mdomo wake. Mpaka leo hajasema. Kila baada ya siku 14 tunaenda, upelelezi haujakamilika, tunarudi. Tumeombwa kusamehe kitu ambacho mkosaji mwenyewe hajakitaja.

Na wewe Chalii, usitumie uchungu wetu kuombea watu kifo. Hujaniuliza.

---

Mzee wa Rau

Binti, pole sana mwanangu. Nimesoma ulichoandika zaidi ya mara moja.

Isale yenyewe ninavyoijua mimi kwa wazee wangu haikuja hivyo. Mkosaji au baba yake alikiri kwanza mbele ya wazee wa pande zote, jambo likatajwa kwa jina lake, ndipo jani likatolewa. Kuleta jani msibani ili kumziba mama mdomo ni kumtwisha mzigo mwingine juu ya ule alionao. Hata kwenye Mwanzo sura ya 4, Kaini aliulizwa kwanza "Yuko wapi Habili ndugu yako?" Alama ya kumkinga asiuawe ilikuja baadaye. Swali lilitangulia.

Hilo ndilo ninalolipigania kwenye uzi huu. Nataka yule kijana aulizwe, na ajibu yote. Kwa sheria ilivyo sasa, wakili yeyote mwenye akili atamshauri mteja wake anyamaze, maana akisema ukweli wote anajipeleka kwenye kamba mwenyewe. Mama yako ananyimwa maneno yale na adhabu ile ile ambayo watu wanadai ipo kwa ajili yake.

---

Wakili Mdogo

Hoja nzito. Niongeze upande wa walio chini ya miaka 18, maana naona watu wanachanganya.

Mtoto chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai kabisa. Kuanzia 10 hadi kabla ya 12 hawajibiki isipokuwa ithibitike alikuwa na uwezo wa kujua kwamba anachofanya hakifai. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 119, inasema mtoto asihukumiwe kifungo cha gerezani. Ndiyo maana kuna mahabusu za watoto, Moshi ipo na Arusha ipo, na shule ya maadilisho ipo Irambo, Mbeya.

Lakini kwa mauaji kuna kifungu cha 26 cha Kanuni ya Adhabu. Aliyekuwa chini ya 18 siku ya tukio hanyongwi, anawekwa kizuizini kwa kadiri Rais atakavyoona inafaa. Watu wanasikia "hanyongwi" wanadhani ameachiwa. Hapana. Hana tarehe ya kutoka. Aliyehukumiwa miaka 15 anahesabu, huyu hana cha kuhesabu. Ni upole wa kwenye karatasi.

Halafu tazameni ile siku ya kuzaliwa inavyobeba uhai wa mtu. Wengi wa wateja wangu hawana cheti cha kuzaliwa. Tunahangaika na cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki ya mtoto, rejista ya shule ya msingi, na bibi anayesema alizaliwa mwaka ule mvua ilipokatika. Shule imeandika mwaka huu, kanisa limeandika mwaka mwingine. Kwenye hati moja ana miaka 17 na miezi kumi, kwenye nyingine ana 18 na miezi miwili. Akili ya mtu haikui usiku mmoja. Pande zote mbili za ile siku ni kijana yule yule.

Na kwa aliyezidi 18, Mzee yuko sahihi. Bara hatuna utetezi wa kati kwa mtu ambaye ugonjwa umempunguzia uwezo bila kumwondolea kabisa. Ama ni mwendawazimu kisheria, ama ni mzima.

---

Olosokwani

Nawasalimu kutoka Kisongo. Kwetu Waarusha, kama kwa ndugu zetu Wamaasai, fidia ya damu wanayoitaja wazee kwa mwanamume aliyeuawa ni ng'ombe 49. Hazitoki kwa muuaji peke yake, ukoo wake wote unachangia, na inaweza kuchukua miaka. Nilikuwa mdogo nikaona baba mdogo anaswaga ndama wake wawili kwenda kuchangia, na yule aliyeua alikuwa ni binamu ambaye hata hawasalimiani. Baba mdogo hakufurahi hata kidogo. Ila baada ya hapo kila mzee wa boma alijua kijana wa nani anatembea na sime usiku, na walikuwa wanamkalisha chini mapema.

Sisemi tuache mahakama. Ng'ombe hawamrudishi mtu, na kuna familia tajiri zinalipa na kijana wao anazurura kesho yake. Lakini yule mjane na watoto wanakuwa na kitu zizini. Mahakamani sijaona mjane anatoka na hata kuku. Dada wa Pasua amesema jambo hilo hilo la ada.

---

Wakili Mdogo

Olosokwani, sheria inairuhusu mahakama kuamuru fidia baada ya kumtia mtu hatiani. Tatizo ni kwamba aliyehukumiwa kifo, au kijana wa stendi, fidia atalipa na nini?

---

Sista wa Wodi

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, mkoani hapa hapa. Nitasema machache ambayo naona hayajasemwa.

Magonjwa makubwa ya akili huanza mara nyingi kati ya miaka 15 na 25. Yaani kidato cha pili, cha tatu, mwanzo wa kazi. Familia inaona kiburi, inaona bangi, inaona jini. Bangi yenyewe inaongeza hatari, hasa kwa aliyeanza akiwa mdogo, na kwa aliyekwisha kuugua inamchochea. Lakini naomba hili mlikariri: wagonjwa wa akili walio wengi hawajawahi kumgusa mtu. Wao ndio wanaopigwa, wanaofungwa kamba, wanaobakwa. Kila uzi wa aina hii ukipita, kesho yake nina mama anaogopa kumleta mwanawe asije akaitwa muuaji.

Kwenye hadithi ya Mzee, mimi macho yangu yamebaki kwenye mwezi wa tatu hadi wa tano. Mgonjwa aliyetulia kwa vidonge akiviacha, habomoki siku hiyo hiyo. Wiki mbili za kwanza anaonekana mzima hata zaidi, familia inashukuru Mungu kapona. Kisha usingizi unaanza kupungua. Usingizi ndiyo dalili ya kuangalia. Ipo sindano inayochomwa mara moja kwa mwezi, kwa wasiopenda vidonge, na haina gharama ya kutisha. Miezi miwili ile alihitajika mtu mmoja wa kuuliza "mbona fulani hajaja kliniki?"

Chalii, na wewe pole kwa ulikotoka. Ulikuwa na bibi. Usimpunguze bibi kwenye hesabu.

---

Chalii wa Ngarenaro

Sista nimekuelewa, na Binti naomba radhi kwa dhati. Bibi yangu ni kweli, alikuwa anakaa mlangoni mpaka nirudi.

Lakini swali langu bado. Tuseme jaji anampa miaka 15. Anatoka ana 34. Dawa anaacha tena. Kesho anamsubiri dereva mwingine kijiweni, na mimi mwenyewe naendesha bodaboda. Nani ananihakikishia?

---

Mzee wa Rau

Ni swali la haki na sitalikwepa. Kuna watu ambao hawapaswi kurudi mtaani, na huruma haisemi vinginevyo. Jaji mwenye uhuru wa kupima anaweza kutoa kifungo cha maisha vilevile. Ninachokataa ni kwamba awe ameshaamuliwa kabla hajafungua jalada.

Na kwa anayetoka, huko gerezani awe ametibiwa kwa miaka yote hiyo, na akitoka dawa iwe amri, kuna afisa ustawi wa jamii anayemfuatilia na mwenyekiti wa mtaa anayejua. Kwangu mimi hiyo ni sehemu ya kuwajibika. Aliyeua akiwa ameacha dawa, deni lake kwa jamii ni pamoja na kutoiacha tena maisha yake yote. Na serikali iliyoshindwa kuwa nayo rafuni ina deni lake pia, na hilo sijawahi kusikia likisomwa mahakamani hata siku moja. Kesi nzima inamhusu kijana na kisu. Duka la dawa halipo kwenye hati ya mashtaka.

Sitakudanganya kwamba utahakikishiwa, mwanangu. Hata sasa huna uhakika: wanaokiri kosa dogo wanatoka kila mwaka, bila matibabu yoyote, na hakuna anayewauliza kitu.

---

Binti Pasua

Mzee, hapo nakuunga mkono. Miaka iwe mingi, mimi nitaridhika. Lakini asomewe kosa lenyewe, kwa jina lake, mbele ya mama.

---

Mama Wawili

Samahanini kuingilia. Nimefuata uzi huu tangu juu nikiwa nalia. Mwanangu ana miaka 17. Halali usiku, karibu mwezi wa pili sasa. Anasema baba yake wa kambo anamtilia sumu kwenye chai. Jana nikitandika nimekuta panga chini ya godoro lake. Nimelirudisha, niliogopa. Nikimpeleka polisi wataniwekea mtoto ndani. Nifanye nini? Nipo Njoro.

---

Sista wa Wodi

Mama, umefanya vizuri kuandika. Usibishane naye kuhusu sumu, wala usimwambie anakosea. Baba yake wa kambo alale kwa ndugu leo. Kesho usingoje siku ya kliniki: nendeni moja kwa moja mapokezi ya dharura, hospitali ya Mawenzi au KCMC, popote mnapofika haraka, pamoja na mtu anayemwamini. Mkifika sema wazi haya maneno: hajalala wiki kadhaa, anaamini anawekewa sumu, ana silaha. Usione aibu ukapunguza. Ukisema "ana mawazo tu" watakupa tarehe ya kurudi.

Yupo wapi sasa hivi, na panga liko wapi?

---

Mama Wawili

Amesinzia kwenye kochi, ndiyo mara ya kwanza. Panga bado lipo chumbani. Mjomba wake anampenda sana, yupo Majengo, atakuja asubuhi.

---

Sista wa Wodi

Litoe sasa akiwa sebuleni, lipeleke kwa jirani, na visu vya jikoni pia. Mjomba aje usiku huu, asisubiri asubuhi.

---

Mzee wa Rau

Mama, nipo Rau na gari ninalo. Niandikie ujumbe wa faragha uniambie mjomba nimchukulie wapi Majengo. Natoka sasa.